Ukiweka mahindi rehani, bei ikishuka nani anabeba?

Kamwene jamani. Nimeombwa niongee kuhusu mikopo ya mazao ghalani na mwenyekiti kanipa dakika chache, kwa hiyo naenda moja kwa moja kwenye kitu ambacho wengi hawaulizi mpaka yashawakuta.

Mnajua ilivyo hapa Makambako, Julai mahindi kila kona, madalali wanazunguka na fuso, bei chini, na we una ada ya mtoto na deni la mbolea, unauza tu. Februari bei imechangamka na mzigo si wako tena. Sasa stakabadhi ghalani, ile sheria ya 2005, ilikuja kukupa pa kupumulia: unapeleka mzigo ghala lenye leseni, unapimwa uzito na unyevu (unyevu asilimia 13.5 kushuka chini, wale wa kuanika juujuu mtarudishwa), unapangiwa daraja, unapewa stakabadhi. Ina sehemu mbili, moja inaonyesha mzigo ni wa nani, nyingine ndo ya kuweka rehani benki, na ukishakopa mzigo hautoki mpaka deni liishe.

Sawa. Bei ikigoma kupanda je?

Twendeni Marekani kidogo. 1933, enzi za Roosevelt, bei ya mahindi imeanguka vibaya, serikali ikaunda shirika linaitwa Commodity Credit Corporation, likawa linakopesha wakulima senti 45 kwa busheli, yaani kama kilo 25 hivi, na mahindi yanabaki kwenye kihenge cha mkulima hukohuko shambani, yamepigwa lakiri. Bei ikipanda unauza unalipa. Isipopanda unawaachia serikali mahindi, deni limeisha, hakuna anayekuja kukamata ng'ombe. Mpango huo upo mpaka leo, muda wa mkopo miezi 9.

Yaani hasara ya bei kabeba serikali, na mimi hapo ndo nawaonea wivu. Huku kwetu benki inakupa sehemu tu ya thamani ya mzigo ili wao wabaki salama, na ukishindwa kulipa wakauza mzigo, hela isipotosha deni, pengo linaweza kukurudia wewe. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza pengo analipa nani, uliza riba, uliza ghala wanachaji sh'ngapi kwa mwezi, maana unaweza ukasubiri miezi 5 bei ipande shilingi 100 kwa kilo kumbe riba na ghala vimeshaila yote. Ila bado ni afadhali kuliko kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza, hilo sibishani na mtu.

Kuna mama kule nyuma kauliza, kashachukua hela ya dalali mahindi yakiwa bado shambani, je anaweza kuyaleta ghalani akopee tena? Hapana mama. Mzigo ulioshaahidiwa kwa mtu hauwekwi rehani kwa mwingine, hata hao Wamarekani ukishauza haki yako kwenye mzigo mkopo hupati. Malizana na dalali kwanza, tena kwa maandishi, halafu njoo na magunia yaliyobaki, na tafadhali yasiwe lumbesa, yale ya kujaza kupita kiasi, ghalani kinachoandikwa ni kilo.