Neno moja kwenye kifungu cha 63

Haya, asanteni kwa kunialika, naona kuna waliosimama mlangoni, ingieni tu jamani huku mbele viti vipo.

Nimepewa mada ndefu, ati nafasi ya serikali kwenye sheria za kidijitali za kimataifa zenye kujali utu. Sasa mimi sianzi na utu, naanza na faini.

Kule Ulaya wana sheria yao ya data, GDPR, imeanza kazi Mei 2018. Kampuni ikifanya kosa kubwa inaweza kupigwa mpaka euro milioni 20 au asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka dunia nzima, na wameandika kabisa: ile iliyo kubwa. Sisi Kenya tukapitisha yetu 2019, ukiziweka pamoja utadhani mapacha, ridhaa ipo, haki ya kufutiwa data ipo, kamishna yupo. Fika sasa kifungu cha 63. Faini mwisho shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, halafu: ile iliyo ndogo. Ndogo! Yaani kampuni hata iwe kubwa kama mlima Kenya, haizidi milioni 5, hela ya Prado ya mtumba. Hotuba zote za utu tulizotoa zilifia kwenye hilo neno.

Mnaikumbuka KICC, ule ukumbi wa mikutano wa Nairobi, Julai 2023? Worldcoin, wale wa sarafu za kidijitali, walikuja na lile dude la mviringo linang'aa kama sufuria mpya, unalitolea macho linakupiga picha ya mboni, unapata sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000 kwa bei ya siku zile. Foleni hiyo! Watu wakacheka ati Wakenya wameuza macho. Mimi sikucheka, mtu anadaiwa kodi ya nyumba halafu unampa masharti ya Kizungu marefu kama treni unamwambia bonyeza nakubali, hiyo ni ridhaa gani?

Serikali ikasimamisha tarehe 2 Agosti 2023. Hispania walisimamisha Machi 2024, Ureno mwezi huohuo. Tuliwatangulia miezi saba bwana! Sasa niambieni, nani alipanda ndege kwenda kuuza hiyo hoja, kwamba ridhaa ya mtu mwenye njaa ipimwe tofauti? Bunge likaunda kamati, polisi wakafunga faili 2024, na Mei 2025 Mahakama Kuu ndiyo iliyoamuru data zifutwe, tena waliofungua kesi ni asasi ya kiraia, wala si serikali.

Msiniambie sisi wadogo. Septemba 2024 Umoja wa Mataifa walipitisha ule mkataba wa kidijitali wa dunia, na mabalozi wawili walioongoza mazungumzo walitoka Sweden na Zambia. Zambia hapa jirani! Na Afrika tulikuwa na mkataba wetu wa Malabo, wa usalama wa mtandao na data za watu, tangu 2014, ulitaka nchi 15 tu ziridhie uanze kazi, tukazipata 2023. Miaka tisa, mtoto anazaliwa anafika darasa la tatu sisi tunatafuta sahihi.

Na tuna cha kupeleka mezani. Shangazi yangu alikopa shilingi elfu mbili kwenye programu moja ya simu, akachelewa wiki, wakaingia kwenye orodha ya namba zake wakaanza kutuma meseji, mwenyekiti wa chama akapata, mkwe akapata, mpaka fundi wa choo. Kukopa kila mtu anakopa, shangazi kilichomuumiza ni mkwe kujua. Simu ya mtu wetu ni daftari la ukoo. Sheria ya Ulaya ukiisoma inamwona mtu mmoja mmoja na data yake, hii aibu ya watu wengi kwa mpigo sisi ndio tunaijua, kwa hiyo sisi ndio tuiandike vizuri kisha wao watafsiri, kwa nini kila siku iwe sisi?

Lakini ukienda na hoja hiyo watakuuliza, kwenu mnamtoza kiasi gani mtu wa hivyo? Utajibu nini na kile kifungu?

Haya, toeni simu mkitafute sasa hivi, cha 63, wakati mnasoma nachukua maswali. Yule kijana wa shati la bluu ameinua mkono tangu nitaje KICC. Karibu, na useme ukweli, ulikuwa kwenye foleni?