Kwato za Punda Mzee Wakati wa Masika

Assalamu alaikum, wazee wangu na ndugu zangu wenye punda. Ahsanteni kwa kuja, najua kuna mchanga unaowasubiri pwani.

Leo nataka tumzungumze punda mmoja tu: yule aliyepita miaka 20, aliyekubebea mawe ulipokuwa unajenga, na sasa kila ikifika Mei anachechemea.

Asili ya punda ni nchi kavu. Ukwato wake umeumbiwa mawe na vumbi, nao hunywa maji zaidi kuliko ukwato wa farasi. Masika yakishika, akashinda amesimama kwenye matope na mkojo, ukwato hulegea kama kucha za mtu aliyeshinda anafua. Vijiwe hupenya pale ukuta wa ukwato unapokutana na wayo, uchafu hujificha ndani, usaha hutunga. Nyama huvimba ikaupa usaha nafasi, lakini ukwato hautanuki. Ndiyo maana punda aliyelala mzima huamka hawezi kukanyaga.

Mvua za El Niño za 1997, marehemu baba alikuwa na punda jike mzee tukimwita Subira. Alisimama akibadilisha miguu, mara huu, mara ule. Tukasema mvivu. Tukampaka kwatoni oili chafu ya mashine ya boti, kama walivyofanya wengi. Siku ya tano nikamwinua mguu wa mbele wa kushoto, na harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Ile nyama ngumu ya pembetatu katikati ya wayo ilikuwa nyeusi, laini, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba yakatoka maji ya kijivu. Subira hakulia. Punda huumia kimya, na mimi hadi leo inaniuma kwamba kimya kile tulikiita uvivu. Kliniki ya punda ilikuwepo hapa mjini Lamu tangu 1987, hatukumpeleka mpaka siku ile.

Basi oili chafu tuiache. Inafungia unyevu na uchafu ndani.

Mwinue miguu kila siku. Mzee magoti yamekakamaa, kwa hiyo usimwinue juu. Uweke mguu chini chini, kwa muda mfupi, umwache apumzike, kisha urudie. Toa matope kwa kijiti butu, ukianzia kisiginoni kwenda mbele. Nusa. Halafu weka mgongo wa mkono wako juu ya ukwato, ulinganishe na wa pili. Ukiwa mmoja una moto na hataki kuukanyagia, mwite daktari wa mifugo. Tafadhali usichimbe usaha kwa kisu chako mwenyewe: vijidudu vya pepopunda vimo kwenye udongo na mavi, na kidonda cha ukwatoni ni mlango wao. Muulize daktari habari ya sindano ya kinga.

Ukiona kwato zote mbili za mbele zina moto, naye amejivuta nyuma akiegemea visigino, hayo si matope. Ukwato umevimba kwa ndani. Kazi isimame, pumba na mahindi yasimame, na daktari aitwe siku hiyohiyo.

Dawa kubwa kuliko zote ni pahala pakavu. Si lazima banda la fahari. Kipande cha makuti juu, kifusi cha mawe chini kilichoinuka kidogo, mchanga mkavu juu yake, mavi yazolewe asubuhi na jioni. Akisimama hapo usiku kucha, ukwato unapata kukauka.

Kukata kwato ni kila wiki 6 hadi 8, na fundi aondoe kidogo kidogo. Ukimkata mzee sana kwa siku moja, viungo vyake vinateseka.

Mzee mmoja ameniuliza: akipona, arudi kubeba simenti? Mimi nasema hapana, si masika haya. Abebe majani yake mwenyewe, basi.

Sasa twendeni uani. Kuna punda amefungwa kivulini, na ningependa kila mmoja wenu auguse ukwato kwa mkono wake.