Nusu kwa Nusu Haiji Hivi Hivi

Assalam aleikum wazee wangu. Vijana, hamjambo?

Juzi nikishuka feri ya Likoni nilimsikia kijana akimwambia mwenzake: “Mvua ama itanyesha ama haitanyesha, kwa hivyo ni nusu kwa nusu.” Maneno hayo ndiyo yaliyonileta hapa. Mambo kuwa mawili hakuyapi nafasi sawa.

Tazameni kauri hii. Nikiirusha mkekani italala mdomo juu au mdomo chini, hakuna la tatu. Lakini ishikeni: huku mgongo wa mviringo, huku bapa lenye mpasuko. Nani atathubutu kusema nusu? Sarafu ni jambo jingine. Haina upande wa kupendelewa, na hapo ndipo inapofaa kuhesabu matokeo tunayoyataka na kuyagawanya kwa matokeo yote.

Sasa nina shilingi 10 yenye simba na shilingi 20 yenye ndovu, zile zilizotoka 2018. Upande wa pili zote zina ngao ya taifa. Nikizirusha pamoja, uwezekano wa kupata angalau mnyama mmoja ni upi? Wengi hujibu: wanyama wawili, mmoja, au hakuna, basi theluthi mbili. Msione haya. D'Alembert, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, aliandika theluthi mbili hiyo hiyo mwaka 1754. Yeye alichukua sarafu moja ya kurushwa mara mbili, akasema, mrusho wa kwanza ukikupa unachotaka, mchezo umekwisha. Hiyo hali moja, zimebaki mbili: mrusho wa pili ukupe au ukunyime. Hakuona kwamba hiyo moja ina uzito wa zile mbili zikijumlishwa.

Tuziite kwa majina: simba na ndovu, simba na ngao, ngao na ndovu, ngao na ngao. Nne, zote sawa. Tatu zina mnyama: robo tatu. “Mnyama mmoja” huja kwa njia mbili! Sarafu zikifanana jicho huzichanganya, ndiyo maana napenda kufundishia sarafu tofauti.

Na mvua? Mei ya Mombasa si Februari yake. Yule kijana angetazama rekodi za miaka. Kauri nayo ni hivyo hivyo, hairahisishwi kwa kuhesabu pande. Nimekuja nazo kumi. Mama zangu wa safu ya mbele, pokeeni. Kila moja irushwe mara 50, tuandike ubaoni.