"Amelala Usingizi Mzuri" Si Ripoti

Wauguzi wenzangu, naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Mnajua nitakapoanzia. Naanzia palepale.

Saa 2 asubuhi, mnakabidhiana zamu, mnafika kwa mgonjwa wa sirosisi, yaani ini lililojaa makovu: "Huyu amelala usingizi mzuri, hana shida." Saa 2 asubuhi! Mgonjwa wa ini anayekesha usiku na kusinzia mchana huenda amonia, sumu ambayo ini lilipaswa kuiondoa, imeshamfika kwenye ubongo. Mwamshe. Muulize leo ni siku gani. Anyooshe mikono, viganja vitazame mbele kama trafiki wa pale Mafiati anayesimamisha lori. Vikipigapiga kama mbawa za kuku, mwite daktari. Tena awe na daftari: kila asubuhi aandike jina lake chini ya lile la jana. Herufi za Jumatatu zimenyooka, za Jumatano zinapanda na kushuka. Hapo unasubiri nini?

Sasa laktulosi, dawa ya kulainisha choo inayoitoa hiyo amonia mwilini. Imeandikwa mililita 30 mara 3, umetoa mililita 30 mara 3, umetia tiki, basi. Hapana! Dawa hii hupimwa kwa choo: laini, mara 2 hadi 3 kwa siku. Hajapata choo tangu jana? Dozi haitoshi, sema iongezwe. Ameshachanganyikiwa? Huwa ni mililita 25 kila saa 1 au 2 mpaka apate choo laini mara 2, ndipo ipunguzwe. Akienda mara 6, majimaji matupu, imezidi: anakaukiwa, potasiamu inashuka, na kule kuchanganyikiwa mlikokuwa mnakuzuia kunarudi. Kwa hiyo chati ya choo ikae kitandani, na ndugu anayemuuguza afundishwe kuchora mstari kila mgonjwa anapotoka chooni.

Najua mtaniambia: tuko wawili, wodi imejaa, shuka hazitoshi. Kweli kabisa. Ndiyo maana kuna wanaoisimamisha laktulosi kimyakimya, eti mgonjwa "anaharisha". Haya, shuka imepona. Kesho huyohuyo hajitambui, mnamgeuza kila saa 2, mnamlisha kwa mpira. Kazi imepungua wapi?

Na nani bado anawaambia ndugu wamnyime maharage? Mafundisho hayo yamepitwa. Anahitaji protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa sababu misuli nayo huondoa amonia. Mkimnyima, mwili unaila misuli yenyewe. Maharage, mayai, maziwa mgando ya Rungwe, apewe. Na kabla ya kulala apate kikombe cha uji wa maziwa, maana ini lake haliweki akiba ya kumfikisha asubuhi.

Tumbo la maji, haraka haraka, mwenyekiti ananionyesha saa. Apimwe uzito kila asubuhi, mzani uleule, akishakojoa, kabla ya kula. Akiwa kwenye dawa za kukojoa asipungue zaidi ya nusu kilo kwa siku. Miguu ikiwa imevimba, kilo 1. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, marufuku, inaua figo. Akipata homa au tumbo likimuuma, maji ya tumbo yapimwe siku hiyohiyo. Kutapika damu tutakuachia siku nyingine.

Nimesikia swali huko nyuma: anakesha, anasumbua wodi, apewe diazepamu, ile dawa ya kutuliza, alale? Hapana, itamzamisha. Fungueni chati muone alipata choo lini.