Mnaniuliza kwa nini sifungui saluni Paris, na mnanitajia Antoine

Habari zenu, ndugu zangu wa nyumbani. Kila ninapoweka video nikiwa kazini, swali linalokuja ni lile lile: dada, miaka yote hiyo unasuka Paris, mbona huna saluni yako? Sasa mmepata na fimbo mpya ya kunichapia, kwani mtazamaji mmoja ameleta habari za Antoine, msusi Mpolandi aliyetikisa mji huu na kuishi huru kama alivyotaka, akauliza kama mtoto wa fundi viatu aliweza, mimi nashindwa na nini. Najua nikieleza ugumu mtasema nalalamika, na nikieleza ninachopata mtasema najigamba. Hata hivyo nitamzungumzia marehemu huyo, kwa sababu nampenda na kwa sababu mnamtumia vibaya.

Jina lake la kuzaliwa ni Antoni Cierplikowski. Alizaliwa mwaka 1884 huko Sieradz, mji wa Poland ambao wakati huo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi, akajifunza kazi kwa mjomba wake mjini Łódź, kisha mwaka 1901 akaingia Paris akiwa kijana mbichi. Vituko vyake mmekwisha kuvisoma katika habari hizo, yaani jeneza la kioo alilolifanya kitanda na mbwa aliyempaka rangi, kwa hiyo sitavirefusha. Kwangu mimi uhuru wake haukuwa katika jeneza, ulikuwa katika mkasi.

Mwaka 1909, mwigizaji Eve Lavallière, aliyekuwa amevuka miaka 40, alitakiwa kuigiza binti wa miaka 18, na Antoine akamkata nywele fupi kama za mvulana ili sura irudi ujanani. Walio katika kazi hii wataelewa uzito wa jambo hilo. Rasta zikikataliwa unazifumua, unakula hasara ya muda, mnaachana. Lakini nywele iliyokwisha kuanguka sakafuni hairudi, na zama zile mwanamke wa heshima hakuonekana na kichwa kifupi. Ilibidi ipite Vita Kuu ya Kwanza, ifike miaka ya 1920, ndipo wanawake wakauzoea mtindo huo na kuutaka wenyewe. Ni Antoine huyo huyo aliyemtengenezea Josephine Baker, mwimbaji na mcheza dansi mashuhuri, wigi zake, na saluni yake ya mtaa wa Cambon ikamzalia nyingine New York, ndani ya duka la Saks Fifth Avenue.

Sasa nisikilizeni vizuri. Sheria ya Ufaransa inayomdai mwenye saluni cheti cha ususi ilipitishwa mwaka 1946, wakati Antoine alikuwa amekwisha kuwa tajiri. Kijana yule alidaiwa kipaji. Mimi nadaiwa kipaji na karatasi. Naweza kusuka twende kilioni huku naongea na ninyi, lakini mafunzo ya cheti hicho kwa miaka mingi yamejengwa juu ya nywele laini, na bila cheti, au mtu mwenye nacho wa kusimamia duka, hufungui mlango. Kabla ya hapo kuna kibali cha ukaaji. Mara ya mwisho nililipa euro 225, na kuipata tu miadi katika mtandao wa ofisi inayohusika kulinikesha usiku, kwa sababu nafasi zilikuwa zinafunguliwa na kujaa kabla sijamaliza kuandika jina langu. Mwajiri wangu wa kwanza, sitamtaja, alikuwa analipa kwa kichwa, siku isiyo na mteja unarudi nyumbani mikono mitupu, na alipofunga duka alibaki na ujira wangu. Wala si mimi peke yangu: mwaka 2014 wasusi wasio na vibali katika saluni moja ya boulevard de Strasbourg, mtaa wa hapa Paris, waligoma, wakalikalia duka, na mwishowe wakapata makaratasi yao. Nao ninawaita watu huru, ingawa hakuna aliyelala katika kioo.

Jambo moja zaidi linanifurahisha kwa Antoine: fedha hazikumsahaulisha kwao. Alimfadhili mchongaji wa nchini mwake, Xawery Dunikowski, na uzeeni akarudi Sieradz, akafariki huko mwaka 1976. Sanamu ya Dunikowski ndiyo iliyo juu ya kaburi lake.

Basi dada yangu mwenye saluni Tandika, unayefikiria kuja huku, usiuze madrayer yako kwa sababu ya Antoine, wala usiahirishe safari kwa sababu yangu, maana hali yangu si hali yako, na wapo niliofika nao pamoja ambao leo wana maduka mawili. Ninachoweza kukuambia ni kwamba vyeti vyako vya nyumbani uvitafsirishe mapema na mtafsiri anayetambuliwa na mahakama. Mimi nimejiandikisha kwa cheti cha kwanza, masomo yanaanza Septemba, na ada nimeilipa nusu.