Kwanza Niambie Silinda Gani

Marahaba, marahaba. Kaeni, vijana. Huo mngurumo mnaousikia hapo nje msiujali, ni pikapu yangu. Nimemwambia dereva asiizime mpaka nimalize kuongea. Sababu mtaijua.

Nimeombwa nizungumzie gari linalomisi, yaani injini ambayo silinda moja au zaidi hairushi moto sawasawa. Walioniita wanajua nitasema nini, maana nimelisema jambo hili mpaka gereji nzima imenipa jina: Mzee Silinda Gani. Mtu anakuja mbio, "Mzee, Hilux inamisi, ninunue nini?" Namuuliza, silinda gani? Hajui. Basi asinunue kitu. Arudi akaiulize injini.

Leo nazungumzia Hilux ya zamani yenye injini ya 22R, kwa sababu hakuna hapa ambaye hajawahi kuchafuka oili yake. Lita 2.4, silinda 4, kabureta, distributa, silinda zinawaka kwa zamu 1-3-4-2. Kabla hujashika spana, nenda nyuma, inama kwenye eksozi, usikilize. Ikisema pu-pu-pu-fu, pu-pu-pu-fu, kwa mpango, kama mtu anayechechemea mguu uleule, ujue mgonjwa ni silinda moja. Ikikohoa ovyo, mara hapa mara pale, basi ugonjwa uko kwenye kile ambacho silinda zote zinachangia: petroli, hewa, koili, rota. Kusikiliza huko hakuna gharama hata ya soda, na tayari umekata kazi nusu.

Halafu gari likiwa sailensi, linawaka bila kukanyagwa mafuta, chomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa wa silinda nzima, injini itatetemeka, itataka kuzima. Ukichomoa na injini isijali, umempata. Tumieni koleo lenye mpini wa mpira, na ule waya uliochomoa usiuache unaning'inia hewani. Uguseni kwenye chuma cha injini, la sivyo utaua igniter, kile kifaa cha umeme kinachoendesha koili, halafu uanze kutafuta ugonjwa wa pili uliouleta mwenyewe.

Namwona kijana pale anacheka. Anasema moyoni, mzee huyu, siku hizi kuna mashine ya kusoma hitilafu za gari. Sawa, mwanangu, mashine hiyo kwenye Hilux ya kabureta utaichomeka wapi, kwenye kisahani cha majivu ya sigara? Na hata kwenye magari yenu mapya, mashine ikikuandikia P0303 imekwambia nini? Imekwambia silinda ya 3 inamisi. Basi! Haikusema plagi, haikusema koili, haikusema valvu. Imeuliza swali langu na kulijibu, kisha ikakuachia kazi. Lakini mtu anasoma P0303, anakimbia dukani kununua koili nne.

Ngoja niwape kisa cha vitunguu. Waliokwisha kukisikia wavumilie.

Nilikuwa Iringa wakati huo. Kulikuwa na mzee mmoja akibeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuvileta mjini. Anayeijua njia hiyo anajua katikati yake kuna nini: Kitonga. Pikapu yake asubuhi inawaka kwa mguso mmoja, imetulia kama paka jikoni. Ikianza kupanda Kitonga na magunia, kona ya tatu tu, inamisi. Gia ya tatu inashuka ya pili, ya pili inashuka ya kwanza, mpaka malori ya mzigo yanaipita. Akipumzika kileleni nusu saa, inapona.

Alipofika kwangu alikuwa na kiroba. Akakimwaga mezani: plagi nne, waya zote, kofia ya distributa, koili, na kabureta. Vyote vya zamani alivyobadilishiwa na mafundi watatu kabla yangu. Nikavipima kimoja kimoja. Vizima! Mzee yule alikuwa amenunua injini ya pili kwa rejareja.

Sasa msidhani mimi nilikuwa hodari. Nililipokea gari asubuhi, baridi. Nikachomoa waya, silinda zote nne zikajibu. Nikaweka geji ya kompresheni, ya kupima mgandamizo ndani ya kila silinda: 150, 150, 145, 150 psi. Nikafuta mikono, nikamwambia, "Mzee wangu, injini yako nzima, tatizo ni petroli." Tena nilikuwa na kisingizio kizuri, maana ilikuwa kabla ya 2011, mafuta ya taa yalipokuwa bado na kodi ndogo, na wajanja walikuwa wakiyachanganya kwenye kila kitu. Kila tulichoshindwa tuliwasingizia wao.

Baada ya siku nne akarudi, ananuka vitunguu na hasira. Hapo ndipo nilipoona aibu, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nikamwambia tupakie magunia, tupande mlima, na likianza kumisi tusimame palepale, tusizime. Nikachomoa waya. Ya kwanza, ikatetemeka. Ya pili, ikatetemeka. Ya tatu... kimya, kama nimechomoa waya wa redio ya jirani. Nikakata kipande cha gazeti nikakishikilia kwenye mdomo wa eksozi. Kinapulizwa, kinapulizwa, halafu kinavutwa ndani. Eksozi inavuta! Kukiwa na valvu ya eksozi isiyofunga, pistoni ikishuka inavuta hewa kutoka huko nyuma.

Nikatoa plagi, geji ikasoma 90 pale kwenye ya tatu. Nasikia mtu anasema, mzee, hedi ya 22R ni alumini, ukitoa plagi ikiwa ya moto utang'oa hesi, ile mikunjo ya skrubu kwenye tundu. Kweli kabisa. Ndiyo maana unazungusha taratibu, ikikaza unaacha, unaipa dakika chache. Nimesema dakika chache. Sikusema ukalale, uje upime asubuhi kama nilivyofanya mimi.

Nikafungua kava, nikachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kati ya valvu na tapeti inayoisukuma, ya eksozi inatakiwa iwe na nafasi ya milimita 0.30, ya kuingiza 0.20, injini ikiwa na moto. Fila ya 0.30 ikakataa. Ya 0.20 ikakataa. Nyembamba kuliko zote ikakataa. Nikamuuliza, "Mzee wangu, tapeti nani alikufungia?" Akatabasamu: "Ah, fundi mmoja hodari sana. Ilikuwa inapiga cha-cha-cha, akazikaza zote, ikanyamaza."

Ikanyamaza! Valvu ikipata moto inarefuka. Usipoiachia nafasi haikai kwenye siti yake, na siti ndipo inapopoozea joto. Kompresheni inapita, moto unapita, ukingo wa valvu unaliwa. Asubuhi chuma kimesinyaa, kila kitu kinafunga vizuri, na fundi anaapa injini ni nzima.

Nikaseti zote. Ya tatu ikapanda mpaka 130, haikuwafikia wenzake maana ilikwisha kuungua kidogo. Nikamwambia alete gari tufungue hedi, tubadilishe ile valvu. Akawasha, akasikiliza, uso ukabadilika. "Fundi, umeniharibia gari. Sasa linapiga kelele." Akakataa kunilipa mpaka apande Kitonga. Akapanda, akalipa, na hedi hakuileta hata siku moja.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka. Geji ikiwa chini, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gaskiti. Silinda mbili jirani zikiwa chini pamoja, gaskiti imepasuka katikati yake. Waya za plagi zinazovuja zikagueni usiku, nyunyizeni maji kidogo, mtaona cheche za buluu. Mpira wa hewa wa breki busta ukipasuka, gari linamisi likiwa sailensi na kutulia ukikanyaga mafuta. Kabureta nilitaka niitengee nusu saa, lakini mzee wa vitunguu ameila yote.

Maswali mtaniuliza nje. Pikapu imeunguruma karibu saa nzima, na inamisi, nimehakikisha mwenyewe. Nani ana geji? Haya, twendeni kabla haijapoa. Atakayeanza kuniambia habari za plagi kabla hajainama kwenye eksozi atalipia chai ya wote.