Ndoo Mlangoni, Madirisha Yamefungwa

Mwenyekiti, wakubwa zangu shikamooni, vijana hamjambo. Mzee mmoja hapo nje ameniuliza, "Mwalimu, bado tu unazungumzia korona?" Bado, mzee wangu. Mei 5, 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa dharura imekwisha. Dharura! Halikusema kirusi kimehama.

Ya hapa kwetu Tanzania, mapapai kupimwa korona na watu kujifukiza nyungu, mnayajua, sitaki tugombane. Leo nagombana na ndoo.

Mnaikumbuka ile ndoo ya koki iliyokuwa kila mlango? Unanawa, unapuliziwa kitakasa mikono, kisha unaingizwa kwenye chumba chenye watu 30, kiyoyozi kinanguruma na madirisha hayajafunguliwa tangu jengo lizinduliwe. Kunawa ni kuzuri, kipindupindu kinatukumbusha kila masika. Ila kirusi hiki husafiri kwa pumzi, kikaelea chumbani kama moshi wa sigara. Nani kati yenu huzuia moshi kwa sabuni?

Wanaonizoea wameanza kucheka, wanajua kwaya inakuja. Ndiyo, inakuja. Machi 10, 2020, kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, wanakwaya 61 walifika mazoezini. Watu waangalifu: kitakasa mikono kipo mlangoni, hakuna kukumbatiana wala kupeana mikono. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Wakaimba saa mbili na nusu. Waliougua, ukimjumlisha yeye, ni 53. Wawili walifariki.

Najua kuna mtu atasema, "Lakini walikula vitafunwa na kupanga viti pamoja." Huniambia hivyo kila ninapokwenda. Sawa, walikula. Ila wataalamu waliopiga hesabu za hewa ya ukumbi ule waliona njia iliyo na uzito zaidi ni pumzi: watu wengi, muda mrefu, sauti za kuimba, hewa haba. Sasa nitajieni kwaya ya mtaani kwenu isiyofanya mazoezi hivyo, tena usiku, mlango umefungwa majirani wasilalamike!

Na jambo hili si geni kwetu. Hospitali ya Kibong'oto kule Kilimanjaro imekuwa ikihudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu 1926. Nendeni kliniki yoyote ya kifua kikuu, muuguzi atawaambia: fungueni madirisha, funika mdomo ukikohoa. Elimu tunayo. Ilipokuja korona tukaiacha kabatini, tukanunua ndoo.

"Mwalimu, tukifungua, mbu wataingia." Wekeni wavu. Hewa hupita, mbu hapiti. Isitoshe mbu wa malaria huuma zaidi usiku, na darasa la watoto 80 ni la saa nne asubuhi. Hoja ya vumbi naikubali nusu. Hoja ya "kiyoyozi kinatosha" siikubali kabisa: kiyoyozi kingi mlichonacho kinapoza na kuzungusha hewa ileile mliyokwisha kuipumua.

Kwa nini nahangaika hivi, wakati wengi wanaugua siku chache wakapona? Kwa sababu ya wasiopona. Shirika la Afya Duniani linaeleza korona ya muda mrefu hivi: dalili zipo miezi mitatu baada ya kuugua, zimedumu angalau miezi miwili, na hakuna sababu nyingine inayozieleza. Uchovu, kukosa pumzi, kusahau neno katikati ya sentensi. Humpata hata aliyeugua kidogo, na kila maambukizi mapya ni bahati nasibu nyingine. Namfahamu mwalimu, hodari kweli, ambaye sasa akifua nguo leo, kesho na keshokutwa hainuki. Kipimo hakupata wakati ule, basi hana cha kuonyesha. Ofisini wanasema mvivu, ukweni wanasema amerogwa, rafiki zake wanamwambia ajiunge na klabu ya kukimbia! Jamani, mtu ambaye kazi ndogo humwangusha kesho yake, mkimkimbiza mnamuumiza. Anahitaji kupimiwa shughuli na kupumzika kabla hajachoka. Na aende hospitali, kwani kisukari, upungufu wa damu na kifua kikuu navyo huchosha, vinapimika.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka: barakoa, vaeni kwenye daladala la mvua lililofungwa vioo na kwenye foleni ya zahanati, inayobana uso ni bora kuliko ya kitambaa inayoning'inia kidevuni. Mwenye mafua asiende harusini, najua ni ndugu yenu. Chanjo ilistahili nusu saa, sasa imekosa. Wenye kisukari na presha wawaulize madaktari wao.

Maswali. Tuanze na yule mama aliyenuna tangu niliposema habari za kwaya.